Meli Iliyoingia Bandarini Kinyumenyume

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa meli, pakawa maji, pakawa na upepo. Nyanjige, sogea huku, moshi unakufuata. Haya.

Hapo zamani za kale, katika ziwa kubwa, palikuwa na meli. Nahodha wake alikuwa Nyegere. Nyegere mnamjua. Ukimwambia kulia, anakwenda kushoto, halafu anakuuliza mbona umechelewa.

Asubuhi moja akapanda Kanga na kapu la mayai kichwani. Anakwenda kisiwani kwa mama yake.

"Kwani hawezi kuruka?"

Lubango, wewe ungeruka na kapu la mayai?

"Aa, yangevunjika."

Basi na Kanga alilijua hilo.

Mayai yale yalikuwa uzazi wake wa kwanza. Na desturi ya akina kanga ni hii: uzazi wa kwanza ni wa kwa mama. Kifaranga apasue yai kwa bibi yake, bibi amtemee mate ya baraka, ampe jina. Akipasua njiani, huyo ni mtoto wa njia. Bibi hampi jina.

Kanga akatega sikio kapuni. Ko, ko, ko.

"Baba Nahodha, wanagonga!"

"Mama, tulia. Mimi naendesha meli tangu Mamba hajaota meno."

Meli ilikuwa imejaa magunia ya chumvi. Bandari ya kwanza, Nyegere akayateremsha yote, hata ya kisiwani.

"Meli nyepesi hukimbia," akasema.

Kweli ikakimbia. Lakini ubavu uliokuwa umezama ukatoka majini, meli ikasimama juu ya ziwa kama ukuta. Upepo alikuwa akipita zake. Akauona.

"Lo! Leo nimejengewa ukuta wa kusukuma!" Akaimba. Mwitikie nanyi:

*Vuu, vuu, kazi yangu kusukuma,*

"*Vuu, vuu, pa kwenda utajua mwenyewe!*"

Wakafika kisiwani. Gati lilikuwa limetoka nchi kavu likaingia ziwani, na Upepo alikuwa akilikata kutoka mawio kwenda machweo. Bibi Kanga amesimama juu ya gati, amejifunga kibwebwe.

Nyegere akaenda upande wa machweo, upande aliouzoea. Akapunguza mwendo, polepole, kama alivyofanya siku zote meli ikiwa na mzigo. Lakini meli ikipunguza mwendo, usukani hauna maji ya kushika. Upepo akaweka bega kwenye ubavu. Vuu! Meli ikaondoka gatini, ikaenda kando kando kama kaa.

"Rusha kamba!" Nyegere akapiga kelele.

Kima, baharia wake, akarusha. Upepo akairudisha. Kamba ikamfunga Kima mwenyewe shingoni.

"Nahodha, nimejikamata!"

Bibi Kanga akaita kutoka gatini: "Nyegere! Mnakuja au mnaaga?"

Kapuni: ko, ko, ko. Yai moja likapata ufa.

"Nahodha," Kanga akasema, "muulize Upepo anataka nini."

"Nimuulize? Mimi? Nitamshinda kwa mbio!"

*Vuu, vuu, kazi yangu kusukuma,*

"*Vuu, vuu, pa kwenda utajua mwenyewe!*"

Nyegere akazunguka mbali, akatokea upande wa mawio. Sasa Upepo yuko mgongoni, na mawimbi yako mgongoni. Akafungulia injini yote. Meli ikaruka!

"Atafika!"

Ngoja, Nyanjige. Wimbi likaja nyuma, likaiinua meli mkia. Mkia ukiinuka, usukani nao unatoka majini. Nyegere akauzungusha kulia, haushiki kitu. Akauzungusha kushoto, haushiki kitu. Meli ikageuka yenyewe, ikawapa mawimbi ubavu. Ikalala huku, ikalala kule. Kapu likateleza huku, likateleza kule, na Kanga nyuma yake, amelikumbatia kwa mabawa mawili. Kima alikuwa juu ya mlingoti akiungama dhambi ambazo hakuna aliyemuuliza.

Na meli inakwenda moja kwa moja gatini!

"Kinyume! Kinyume!" Nyegere akarudisha injini nyuma. Meli ikatetemeka, ikapunguza, ikapita ncha ya gati karibu mno. Bibi Kanga alibaki na mkono kifuani.

"Nyegere! Nilikuambia uniletee mwanangu, si uniletee msiba!"

Kapuni, mdomo mdogo ukachungulia kwenye ufa. Kanga akaufunika kwa bawa. "Rudi ndani, mwanangu. Bado hatujafika kwetu."

Nyegere akamtazama Kanga. Akatazama kapu. Akaacha usukani, akatoka nje, akavua kofia.

"Ewe Upepo. Nifanyeje?"

"Leo umeniuliza! Mimi nasukuma tu, bwana. Unasimama ninapokusukuma utoke, halafu unanitukana. Simama ninapokusukuma uingie."

Wimbi likadakia: "Na mimi usinipe ubavu, nitakubiringisha. Usinipe mgongo, nitakuinua mkia. Nipe pua, nitakubembeleza."

Nyegere akafikiri. Nipe pua. Sasa pua ikitazama upepo na mawimbi, gatini kutaingia nini? Mkia!

"Niingie bandarini kinyumenyume? Kama fisi aliyefumaniwa? Watu watasemaje?"

"Ingia hata kichwachini!" Kanga akapiga kelele. "Mguu umeshatoka!"

Nyegere akarudi kwenye usukani. Akaipeleka meli upande wa mawio, akaielekeza pua kwa Upepo. "Tia nanga!" Nanga ikazama, ikashika. Meli ikatulia. "Legeza mnyororo. Kidogo. Kidogo tena." Na Upepo akaisukuma:

*Vuu, vuu, kazi yangu kusukuma,*

"*Vuu, vuu, pa kwenda utajua mwenyewe!*"

Ikaenda kinyumenyume, taratibu, nanga ikiizuia isikimbie. Kima akarusha kamba. Safari hii Upepo akaibeba mwenyewe, akaiweka mkononi mwa Bibi Kanga. Bibi akaifunga kwenye nguzo yake, fundo moja, fundo la pili.

Pa! Yai likapasuka. Humo humo melini.

Kanga akaanza kulia.

"Kazaliwa njiani," akasema.

Nyegere akakohoa. "Kazaliwa melini mwangu. Basi jina nitampa mimi. Aitwe Nyegere Mdogo."

"Thubutu!" Bibi Kanga akasema. "Hiyo kamba imefungwa kwenye nguzo ya nani?"

"Yako, Bibi."

"Kilichofungwa kwangu kiko kwangu. Hiyo meli sasa ni kibaraza changu. Na wewe, ukiwa kibarazani kwangu, futa miguu."

Nyegere akafuta miguu. Bibi akaingia, akamtemea kifaranga mate ya baraka, akamwita Nanga.

Basi, wanangu: upepo haugombwi. Jua unakosukuma, kisha ujue pa kusimama. Hadithi yangu imeishia hapo, imefungwa kamba. Asiyeamini na aende akaifungue.