Wali wa Zimwi

Bisheni kisa hiki, tuone nani atathubutu kurudi kwake peke yake. Shule niliiacha, macho sikuyaacha.

Palikuwa na yatima, Mbaruku. Jioni mama zetu walituita kula. Yeye hakuwa na wa kumwita. Zimwi likamwita. Siku ya kwanza likampa wali usiokwisha. Siku ya pili likampa jina, Wembe. Siku ya tatu likampa panga.

"Umekula, mwanangu. Sasa kanitafutie kitoweo."

Akaja kwetu. Mama akamwambia, "Mbaruku, baba, weka hilo panga ule."

Hakugeuka, jina lile zimwi lilikwisha kulimeza. Akamkata kaka yangu, akafa mlangoni.

Nimeruka kipande. Siku ile ya kwanza mama alinituma nikamwite Mbaruku aje kula. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikarudi nikasema hayupo. Samaki alikuwa mmoja.