Mshika Kaniki wa Ngoma ya Moto

Zamani, moto ulikuwa wa mafigani tu. Watu waliupikia ugali, wakauota wakati wa baridi, kisha wakaufukia majivuni wakalala. Hakuna aliyewahi kuucheza, na mtoto aliyeonekana akikimbia na kijinga cha moto alichapwa na mama yake, na hata na mama wa jirani.

Wakati huo, katika kijiji cha Kisowe kwenye nchi ya mtama, waliishi ndugu wawili wa kike, Kalunde na mdogo wake Nyamizi. Wazazi wao walikuwa wamefariki, na Kalunde ndiye aliyemlea Nyamizi tangu akitambaa. Kila jua lilipotua, nguruwe mwitu walishuka kutoka porini wakala mtama kana kwamba waliupanda wao. Ngoma zilipigwa, mbwa wakafunguliwa, nguruwe hawakujali. Ndipo Nyamizi, ambaye hakujua kukaa kimya, alipofunga donge la pamba kwenye kamba ya gome, akalichovya katika mafuta ya mbarika, akaliwasha na kulizungusha juu ya kichwa chake. Nguruwe walipoona duara la moto linavuma, walitimua mbio bila hata kuaga.

Kijiji kizima kilifurahi isipokuwa Kalunde. Jioni ya tatu kamba iliungua, donge likaruka likatua kwenye paa la banda, na mbuzi wawili wakateketea. Kalunde alimvuta mdogo wake sikio, ingawa alikuwa msichana mkubwa wa kuposwa. Kisha akampeleka kwa mhunzi, wakatengenezewa minyororo miwili myembamba yenye vishikio vya ngozi. Akaweka na masharti. Chungu cha mafuta kikae mbali, tena kifunikwe. Donge likishachovywa likung'utwe mpaka lisidondoshe hata tone. Nyamizi afunge nywele kwa kitambaa kilicholoweshwa, na nguo imbane mwilini. Kalunde mwenyewe angesimama kando na kaniki mbichi, tayari kumfunika moto ukimshika.

"Dada, unaniaibisha," Nyamizi alilalamika. "Watu watadhani umekuja kufua."

"Waache wadhani," Kalunde akamjibu.

Mavuno yakafika, maghala yakajaa, na kijiji kikaamua kusherehekea. Nyamizi aliingia uwanjani na minyororo yote miwili. Moto ulimpita mgongoni, ukapita chini ya mikono, ukapaa na kurudi, naye katikati anacheka. Kalunde alimtazama yule mtoto aliyembeba mgongoni, leo anashangiliwa na vijiji vitatu, na furaha ikamzidi. Akaiweka kaniki chini akapiga makofi. Alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mnyororo mmoja ukajizonga mkononi mwa Nyamizi, na donge likamnasa begani. Aliita, "Dada! Dada!" Kalunde aliona kinywa kikifunguka, akadhani anaimba. Alipong'amua, kaniki ilikuwa imekanyagwa na umati, haijulikani iko wapi. Akamrukia mdogo wake, akamgaragaza chini na kuuzima moto kwa mikono yake. Nyamizi alipona, lakini mkono wake wa kushoto ulijikunja kwa makovu na haukunyooka tena.

Kalunde alikonda. Miezi mingi alikuwa akimpaka asali kwenye vidonda bila kuweza kumtazama usoni. Msimu uliofuata wazee walisema moto uchezwe, ila kaniki apewe mtu mwingine. Nyamizi, aliyekuwa amejifunza kuzungusha mnyororo mmoja kwa mkono wa kulia, alikataa.

"Namtaka dada yangu."

"Yule aliyekuacha ukaungua?" mzee mmoja aliuliza.

"Huyo huyo, baba. Hata ninyi mlikuwa mnapiga makofi. Yeye peke yake ndiye ambaye hatapiga tena."

Kalunde alilia mbele ya watu wote, kisha akaenda kuilowesha kaniki. Jioni hiyo alisimama ameishika kwa mikono miwili, macho yake kwa mdogo wake wala si kwa moto. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Yeye hata hakutikisika. Moto ulipozimwa, Nyamizi aliwapita waliokuja kumtunza kwa zawadi, akaenda mpaka mbele ya dada yake. Mkono mmoja haukuweza kukutana na mwenzake, kwa hiyo alimpigia makofi kwa kugonga paja lake kwa kiganja cha kulia.

Na tangu siku hiyo, popote moto unapochezwa katika nchi ile, husimama mtu kando na kaniki mbichi, haimbi wala hapigi makofi. Wageni humwona wakadhani amenuna. Lakini moto ukizimwa, mchezaji humwendea yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na mbele yake hugonga paja kwa kiganja kimoja, hata kama mikono yake yote miwili ni mizima.