Siwatu na Ujira wa Zimwi

Sogezeni vigoda, wenzangu, mnipe masikio. Haya ndiyo yaliyompata Siwatu.

Siwatu alimsukia mikeka Zimwi la msituni. Mikeka yake iliimba, na bila wimbo huo Zimwi halikupata usingizi. Kila mavuno lilimlipa kibaba cha mchele, naye akashukuru. Zimwi lilipomwajiri pia Mwanahawa, msichana asiyejua hata kushika ukindu, Siwatu ndiye aliyemfundisha kusuka.

Siku moja ya ujira, Mwanahawa akamwomba amtwishe mzigo. Siwatu akauinua, akauona mzito kuliko wake.

"Mwenzangu, umelipwa nini?"

"Kikapu kizima, dada, kama mwaka jana. Kwani wewe?"

Siwatu akamtwisha kikapu. Alimkumbuka mama yake, aliyekufa mwaka wa njaa, kile kibaba kilipokwisha, akinywa uji mwepesi kama maji.

Akarudi kwa Zimwi, akauliza kwa nini. Zimwi likajigeuza upande. Akauliza tena, likapiga miayo. Alipouliza mara ya tatu, likasema, "Mwanahawa alitaka kuondoka. Wewe nilijua huondoki."

Siwatu akaweka ukindu chini, akaenda zake. Nyuma yake mikeka yote ikanyamaza.

Kulipokucha, Zimwi likaja kwake na vikapu vitatu, macho mekundu kwa kukesha.

"Chukua vyote, urudi."

"Mchele huu ungemwokoa mama," Siwatu akasema. "Sasa nimpikie nani?"

Akafunga mlango, akalia. Mwanahawa akaja, akaketi naye mpaka jua likachwa, na msituni hawakurudi tena.

Nami nimefika mwisho, aliyeumia apoe.