Goti la Ngiri na Tope la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kidonda, na mwenye kidonda, na jirani mwenye njaa!

Haya, sogeeni. Na wewe unayebandua kigaga hapo nyuma, acha! Hadithi hii ni yako.

Hapo zamani za kale, Ngiri aliishi shimoni na mkewe, Siyajabu, na watoto wao wanne. Siku moja Ngiri alikuwa akichimba mizizi, mwiba ukamchana gotini. Mchano wenyewe mdogo, haufiki hata ukucha wa kuku.

Siyajabu akaja mbio na kibuyu cha maji safi. "Baba watoto, lete goti nikuoshe."

Ngiri akacheka. "Maji kwa mkwaruzo huu? Babu alipaka tope. Baba alipaka tope. Na mimi napaka tope."

Ndiyo iliyokuwa desturi ya ngiri wote. Ukichubuka, unagaagaa kwenye tope, basi. Jirani yao Fisi, aliyejiita mganga, alikuwa anapita akadakia: "Hayo ndiyo maneno! Paka tope, jirani. Mwanamume hababaishwi na mwiba."

Siyajabu akakirudisha kibuyu shimoni, moyo ukimchemka. Kaka yake alikufa kwa mwiba wa unyayoni, kwa tope hilohilo, kwa ushauri wa mganga huyohuyo. Na Fisi ndiye aliyejitolea kumzika, peke yake, wala hakuomba jembe.

Siku ya pili goti likawa jekundu, likavimba, likawa la moto.

"Baba watoto, nikuoshe?"

"Babu alipaka tope. Baba alipaka tope. Na mimi napaka tope."

Fisi akaja na tope kwenye jani. "Ongeza, jirani, ongeza." Akakaa mlangoni, akameza mate.

Siku ya tatu goti likatunga usaha. Likanuka. Ngiri akashikwa na homa, akatetemeka, kusimama hawezi.

"Baba watoto, nikuoshe?"

"Babu... alipaka tope," akasema Ngiri kwa sauti ya chini. "Baba... alipaka tope."

Fisi akaja tena na tope lake. Safari hii akampapasa mgonjwa mbavu, kisha akageuka: "Shemeji, na hawa watoto wamenenepa, mashallah. Wote wanne wapo?"

Jamani! Hasira zinanipanda hata mimi ninayesimulia. Siyajabu akachukua kibuyu, akaenda mtoni kuteka maji, kwa sababu angekaa pale angemng'ata mtu.

Alipokuwa anarudi, akasikia mtu anaugulia nyuma ya matete. Akachungulia. Fisi! Njiani alikuwa amekanyaga mwiba, na sasa amekaa juu ya jiwe, anaosha unyayo wake kwa maji safi, taratibu, na chumvi pembeni.

"Wewe!" Siyajabu akapiga kelele. "Mbona hupaki tope?"

Fisi akashtuka. "Ah, shemeji... mimi ngozi yangu laini."

"Na kaka yangu je? Yake ilikuwa gome?"

Hakungoja jibu. Alimpiga kikumbo kimoja, Fisi akaanguka matopeni. Akamkanyaga ule unyayo wenye tundu la mwiba, akaukandamiza, akaukandamiza tena. "Paka tope, jirani! Ongeza, jirani! Mwanamume hababaishwi na mwiba!"

Fisi akakimbia akichechemea. Mpaka leo mtazameni anavyotembea.

Siyajabu akafika nyumbani anahema. Akachemsha maji, akayaacha yapoe. Ngiri akafumbua macho, akaanza: "Babu alipaka..."

"Babu yako alikufa kwa nini?" akamkatiza.

Ngiri akafikiri. "Kwa kidonda."

"Na baba yako?"

Ngiri akalitazama tope lililomganda. Machozi yakamtoka. Akalisogeza goti.

Siyajabu akaliosha lile tope lote. Akamwita Korongo, tabibu wa kweli, naye akatoboa jipu kwa mdomo wake mrefu na kumpa dawa ya homa. Asubuhi Siyajabu anaosha, jioni anaosha, kila siku anafunga kitambaa safi. Ngiri akapona, ila goti halikurudi kama zamani. Akawa akila anapiga magoti, na watoto wakamuiga.

Siku moja, akiwa amepiga magoti hivyohivyo, alisema, "Mke wangu, nisamehe."

"Kibuyu kimoja!" akasema Siyajabu. "Kibuyu kimoja tu cha maji, siku ya kwanza. Ulinikatalia kwa sababu kidonda kilikuwa kidogo, au kwa sababu niliyesema ni mimi?"

Mpaka leo ngiri wanapokula hupiga magoti, na watu hudhani ni adabu.

Basi wanangu, mchubuko ni mlango wa maradhi, hata uwe mdogo namna gani. Uoshe mapema kwa maji safi, uufunike. Ukivimba, ukiwa wa moto, ukitoa usaha, nenda kwa tabibu siku hiyohiyo. Na anayekushauri vibaya, mtazame yeye anajitibu vipi.

Hadithi yangu imekoma hapo. Tamu yake gawaneni, chungu yake mpelekeeni Fisi. Na wewe wa kigaga, inuka ukaoshe!