Bi Uduvi na Matope ya Kwao

Zamani zile, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakipigiana hodi, Bi Uduvi aliishi bwawa la juu, chini ya matete. Uduvi ni kamba mdogo kabisa, hata ukucha wako unamzidi. Siku moja Kiboko akaja na mwanawe, pwaa! akalala katikati.

"Hamieni bwawa la chini!" akanguruma. "Maji yake meupe!"

Wakahama. Maji yalikuwa meupe kweli. Lakini Fisi, mtengeneza ngozi, alikuwa akimwaga humo maji makali ya vyungu vyake, na sumu ikatuama kwenye matope. Uduvi hukua kwa kuvua gamba. Sikitu, kitinda mimba wa Bi Uduvi, hakuvua hata mara moja.

"Mama, kwetu kulikuwaje?"

"Matope laini kama uji, mwanangu. Ukilala, unasikia matete yakinong'ona."

Bi Uduvi akamlilia Kiboko mara mbili, awaruhusu kurudi. Kiboko akacheka tu, "Si maji meupe?"

Basi Bi Uduvi akaenda kwa dada yake, aliyebaki amejificha kwenye matete ya juu, akamwazima mwanawe. Alizaliwa siku moja na Sikitu, lakini lo! alikuwa mara tatu yake. Akawapeleka wote wawili kwa Kiboko.

"Hodi, Bwana Mkubwa! Nimekuja kushukuru. Huyu mnene kalelewa na matope ya chini. Huyu mdogo tulimsahau huku kwako. Wamezaliwa siku moja!"

"Ala!" Kiboko akamtazama mwanawe. "Ndiyo maana wangu hanenepi! Nahamia chini!"

"Jamani, Bwana, usininyang'anye!"

"Kelele!" Pu! pu! pu! akaondoka na mwanawe.

Siku ya tatu ngozi zikawawasha, mtoto akakataa kula. Kiboko akarudi akihema.

"Umenidanganya, we punje!"

"Nimekudanganya, Bwana. Huyu mdogo ndiye aliyelelewa huko ulikotutupa."

Kiboko akamtazama Sikitu, akakumbuka maji makali aliyoyaona yakimwagwa kule chini. Kisha akaenda kwa Fisi. Ta! ta! ta! vyungu vyote vikavunjika. Kwa aibu, Kiboko akahamia mto mkubwa na mwanawe.

Sikitu akajilaza kwenye matope laini. "Mama, ndiyo haya uliyokuwa ukiyalilia?"

"Ndiyo haya."

Siku ya kumi, tas! akavua gamba lake la kwanza. Hakuwafikia wenzake kamwe, lakini alikua.

Ukimwona mdogo amedumaa, usisifu maji, chunguza matope.