Jina Moja kwenye Mkeka wa Kazija

Wenye kikohozi wakohoe sasa, na waliokalia miguu wainyooshe, kwa sababu mwisho wa hadithi hii nitauliza swali na kila mmoja atajibu.

Palikuwa na watu watatu kule Wete. Khatibu, muuguzi wa kliniki ya akili, alijaliwa jicho: mgonjwa akiingia mlangoni, yeye humtazama kwanza, faili baadaye. Salhina, mwalimu wa mazoezi ya kumbukumbu katika kliniki hiyohiyo, alijaliwa kugawanya: jambo zito kiasi gani, atalikata vipande hata mtoto aweze kulibeba. Na Raya, ambaye hakuwa na cheo wala cheti, alijaliwa kungoja. Angekaa na mtu asubuhi nzima bila kumharakisha, ingawa ulimi wake haukutulia.

Raya alikuwa wifi yake Kazija, na Kazija ndiye aliyewahitaji wote watatu.

Kazija alisuka mikeka tangu utotoni. Kisha akaugua skizofrenia, akawa anasikia sauti zisizo na wenyewe. Dawa zikazinyamazisha, na watu wakasema kapona. Kazija alijua bado. Akianza ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, wa miyaa kumi na mitatu, yaani majani yaliyochanwa, akifika mwaa wa saba hesabu inampotea, anafumua. Mchuzi aliutia chumvi mara mbili. Mtu akimsimulia jambo, mwanzo ulikuwa umeshamtoka kabla mwisho haujafika.

"Sauti zimekwisha," jirani mmoja alisema, "sasa kilichobaki ni uvivu."

Kazija aliufunga ukindu wake, yale majani ya kusukia, na kuusukuma uvunguni mwa kitanda, akiamini kwamba mikono yake haitamaliza mkeka tena. Hilo lilimuuma kuliko zile sauti.

Siku ya kliniki, Khatibu alimwona akilamba midomo mikavu.

"Kazija, kiu hii imeanza lini?"

"Tangu nilipoongezewa kile kidonge cha kutuliza mikono, ilipotetemeshwa na dawa ya sauti."

"Na mikono ingali inatetemeka?"

"Tangu Ramadhani haijatetemeka."

Khatibu akafunga faili. "Basi huenda kidonge hicho sasa kinakutia ukungu kichwani bure. Usikiache mwenyewe. Nakwenda kusema na daktari."

Daktari alikubali kukipunguza kidogo kidogo, huku dawa ya sauti ikibaki palepale. Baada ya wiki kadhaa, Kazija alianza kusikia maneno ya mtu hadi mwisho. Kichwa kilikuwa macho. Lakini alipojaribu kuhesabu miyaa moyoni, alifika wa tisa akapotea.

Salhina akamwita kila Jumatatu na Alhamisi. Alimpangia kadi za picha, akazifunika, Kazija akazitaja: tatu, kisha tano, kisha nane. Alipokosea, Salhina hakumwambia amekosea. Alimuuliza, "Umepita njia gani?" Wakaitafuta njia pamoja. Akamfundisha kuikata kumi na tatu kuwa nne, nne na tano, kuhesabu kwa sauti, na kufunga uzi pale anaposimama ili akirudi ajue alipoachia.

"Mwalimu, kadi naziweza," Kazija alisema siku moja. "Ukindu ndio naogopa kuugusa."

"Kadi zangu zinaishia mlangoni hapa," Salhina akasema. "Huko nyumbani tafuta mtu wa kukaa naye."

Nyumbani kwa Kazija, mtu huyo alishapiga magoti kando ya kitanda, mkono wake uko uvunguni. "Wifi, panya wamekaribia kuoana humu," Raya alisema. "Toa vitu vyako tusuke."

"Wewe hujui kusuka."

"Ndiyo maana nakutaka wewe."

Kila asubuhi Raya alikuja na ungo wa choroko, akachambua, na Kazija akasuka. Siku moja mstari mwekundu uliruka. Raya aliuona, akaendelea na choroko zake mpaka Kazija akasimama mwenyewe.

"Wifi, uliona nimekosea?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Ningekuwa adui yako ningekushika mkono kabla hujaona mwenyewe. Fumua, choroko hazijaisha."

Mwanzoni alifumua mara tatu kwa siku. Miezi minne baadaye, ilikuwa mara moja kwa wiki. Hatimaye mkeka ukakaribia kutimia, mwekundu na mweusi, mistari imenyooka. Yule jirani alikuja kuutazama, akaupapasa, akauliza kwa sauti ndogo kama harusi ya binti yake itapata mmoja.

"Itapata," Kazija akasema, "ila usinikimbize."

Ulibaki ukili mmoja tu wa ukingoni. Kwao Kazija, mkeka wa shukurani, kama alivyotaka huu uwe, husukiwa jina la anayepewa, na ukili ule ulitosha jina moja. Akawaita wote watatu chakula cha mchana, akawaeleza.

"Kichwa kingekuwa bado na ukungu, mazoezi yangeingilia wapi?" Khatibu akasema.

"Na kichwa kilichoamka bila kujua njia," Salhina akajibu, "kingebaki kuutazama ukindu tu."

"Mngeutazama wapi, na uko uvunguni?" Raya akauliza. "Tena mimi jina langu herufi nne. Namhurumia fundi."

Wakacheka. Khatibu akafikiri kidogo. "Au asuke lake mwenyewe. Aliyefumua na kurudia si sisi."

"Langu nalijua," Kazija akasema. "Nataka kushukuru."

Alikuwa ameshaulowesha ukindu, na ukindu ukikauka hukatika. Akaichukua miyaa, akaipanga mapajani. Wale watatu wakatazama vidole vya Kazija.

Je, wewe ungeamua vipi? Usinitajie tu unayempenda, nipe na sababu, na umsikilize mwenzako akikupinga. Ukindu uko mikononi mwako: unaanza na herufi ya nani?