Jiwe la Soko la Lumi

"Mizani ya mgeni hupimwa kwa jiwe la mwenyeji."

Methali hii ina siku yake ya kuzaliwa, wajukuu zangu, na mimi nilikuwepo. Kwa hiyo wewe Wakesho, acha kununa kwanza. Najua umetoka Arusha jana na uwakili wako mkononi, umeambiwa huwezi kusimama mahakamani kule mpaka upate kibali na wakili mwenyeji wa kusimama naye, kisha karani akakurushia maneno hayo juu yake. Unaona umetukanwa. Na hawa wadogo zako wanacheka kwa sababu kila siku wewe ndiwe unayewafunga midomo. Haya, sogeeni. Ilianza hivi.

Kabla mpaka wetu na Tanzania haujafungwa, soko letu la Lumi lilikuwa soko kwelikweli. Leo mnaona mabanda manne na mbuzi wamelala ndani. Wakati ule, siku ya Jumatano, ulisikia harufu ya soko kabla hujaliona: ndizi mbivu, samaki wa ziwa Jipe, tumbaku, na juu ya vyote tangawizi ya Upareni. Watu walitoka Same, Moshi, Voi, hata Machakos. Kila mmoja alikuja na lugha yake na kipimo chake, kwa hiyo ugomvi haukukosekana. Lakini ugomvi huo haukufika kwa bwana shauri, mkubwa wa serikali ya Mwingereza. Uliishia kwenye baraza la soko, ndani ya banda la bati, mbele ya Mama Mghoi.

Mama Mghoi aliuza kunde na kunusa ugoro, na hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Alichokuwa nacho ni jiwe. Lilikuwa jeusi, lina kishikio cha chuma, uzito wake ratili hamsini, na hapakuwa na mtu wa nchi yoyote aliyelitilia shaka. Mtunza jiwe nilikuwa mimi. Kila Jumatano asubuhi nililiosha na kulipeleka mezani kwake, na laiti mngeniona! Nilitembea kama gavana.

Kwa wageni baraza lilikuwa na kanuni mbili. Mizani iliyotoka nje sharti ipimwe kwa jiwe kabla neno lake halijasikilizwa, na mwenye mizani akiulizwa mara tatu akakataa, alihesabiwa mdanganyifu. Tena msemaji aliyetoka nje hakuketi peke yake. Aliwekewa mwenyeji wa kumnong'oneza desturi zetu. Kazi hiyo nayo walinipa mimi, maana nilijua kila kitu cha soko lile na sikujua kingine.

Sasa, palikuwa na Nakijwa. Alikuwa Mpare wa ng'ambo ya mpaka, mjane, aliyeuza tangawizi pale pale alipoketi mama yake. Akiniona huniita, "Kaka Mwakio, umekunywa chai?" Nikisema bado, hunimiminia ya kwake. Nilimpenda kama dada, na kama si dada, hayo hayawahusu.

Mnunuzi mmoja wa Machakos, jina lake Kyalo, alichukua kwa Nakijwa magunia ishirini. Yalipimwa nyumbani kwake Upareni kwa mizani yake mwenyewe, dereva wa Kyalo akishuhudia: kila gunia ratili mia moja na hamsini. Lori likaharibika njiani, likakaa juani siku tisa. Magunia yalipofika Lumi, kila moja lilikuwa limepungua ratili ishirini. Kyalo akapiga kelele soko zima likasimama. Nakijwa, alisema, ana mizani ya wizi.

Kwamba tangawizi hunywea juani, nani hakujua? Swali lilikuwa moja tu: mizani ya Nakijwa ilisema kweli siku ile, au haikusema? Maana aliyekutwa na kipimo cha uongo, mkeka wake ulikunjwa, na haukukunjuliwa tena Lumi maisha yake yote. Nakijwa hakuwa na mume wala ng'ombe. Alikuwa na ule mkeka.

Ndugu zake wakaona asiende barazani mikono mitupu. Wakamtafutia wakili kutoka Moshi, kijana aitwaye Elisaria, suti nyeusi, viatu vinavyolia akitembea. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru juzi tu, naye alivuka mpaka na uhuru wote kifuani. Sisi huku bado tulikuwa chini ya Mwingereza.

Aliiweka mizani ya Nakijwa mezani, akageuza upande wenye muhuri ili watu wauone.

"Mizani hii imekaguliwa na serikali," alisema. "Haihitaji ushahidi mwingine."

"Vizuri," akasema Mama Mghoi. "Mwakio, leta jiwe."

"Jiwe la nini?"

"La kuipimia."

"Mama, muhuri wa nchi huru haupimwi kwa jiwe la sokoni. Tena sokoni kwa watu wanaotawaliwa!"

Watu wakaguna. Nikamsogelea sikioni. "Wakili, waache wapime. Hapa hajatukanwa mtu. Mizani ikikubali, kesi imekwisha."

Akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Wewe ulisomea wapi sheria?"

"Sikusoma."

"Basi nyamaza."

Nikarudi kando ya jiwe langu. Hata leo nikikumbuka, masikio yananiwaka moto.

Akasema karibu saa nzima. Alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Alifungua vitabu viwili, akataja vifungu. Nusu ya watu hawakuelewa kitu, na nusu iliyobaki ilielewa jambo moja tu: huyu bwana analiogopa jiwe.

"Nakuuliza mara ya pili," akasema Mama Mghoi.

"Nakataa mara ya pili."

"Mnaona?" Kyalo akacheka. "Mwizi huja na wakili!"

Nikawatazama akina mama waliouza pamoja na Nakijwa miaka yote ile. Walikuwa wanatazama chini. Mmoja alikwisha kuinuka kwenda kuukunja mkeka.

Hapo Nakijwa akasimama.

"Kaka," akamwambia wakili, "nilikuita unisemee mimi. Hukuitwa kuisemea serikali."

"Dada, ukikubali leo, kesho watatupima sote."

"Na wapime. Mizani ni yangu, na mimi siogopi. Wewe unaogopa nini?"

Akaibeba mizani mwenyewe, akaitundika kwenye boriti ya banda. "Kaka Mwakio, weka jiwe."

Nikalinyanyua jiwe, nikalitundika kwenye ndoano ya mizani. Nilipoliachia, mshale ukaruka hadi hamsini na tano, ukarudi arobaini na saba, ukapanda, ukashuka, ukatulia. Mama Mghoi hakuusoma. Alimwita Kyalo ausome yeye.

Kyalo akatazama, akavua kofia. "Hamsini," akasema. "Hamsini kamili." Kisha akamgeukia Nakijwa. "Mama, nilikusingizia. Ni jua lililoniibia."

Nakijwa alirudi kwenye mkeka wake, akaketi, akajifunika uso kwa kanga akalia, na wenzake wakapiga vigelegele mpaka bati likatikisika. Aliketi pale miaka mingine mingi. Kisha mpaka ukafungwa, na sikumwona tena. Ndiyo maana tangawizi yenu ya dukani siinywi.

Wakili alibaki amesimama na vitabu vyake. "Kumbe jiwe lilikuwa upande wetu tangu mwanzo," akasema polepole.

"Jiwe halina upande, mwanangu," akajibu Mama Mghoi, kidole ndani ya kopo la ugoro. "Na hukuletewa jiwe ili uaibike. Uliletewa ili tupate kukusikia. Mizani ya mgeni hupimwa kwa jiwe la mwenyeji. Ikishapimwa, si ya mgeni tena."

Jumatano iliyofuata Elisaria alikuja tena, hana kesi, hana kitabu. Aliomba kuketi karibu nami asikilize. Masika yote aliketi pale, akiuliza hiki na kile, na chai alininunulia yeye. Kuhusu masikio yangu hakuomba radhi kwa maneno, lakini chai hiyo niliihesabu.

Mwaka uliofuata Kyalo aligombana na mfanyabiashara wa Voi juu ya shehena ya maharage. Machakos walikuwapo wasemaji, na Voi walikuwapo. Yeye akatuma mtu avuke mpaka hadi Moshi amlete Elisaria. Watu wakamshangaa. "Wewe Kyalo, si ndiye aliyesimama kinyume chako?"

"Ndiye," akasema Kyalo. "Lakini hawa wengine siwajui. Yule tumeshampima."

Mizani ya mgeni hupimwa kwa jiwe la mwenyeji.